Mtoto Anayeogopa Hasemi

Wanangu, ninyi mliojaaliwa watoto, nawaomba masikio yenu kwa muda mchache. Nimeshika chaki miaka 34 katika shule za msingi, nimelea watoto watano, na sasa uzee umenikuta hapa Tanga nikiwa na wajukuu wanne ndani ya nyumba. Sina tena nguvu za kugombana na mtu. Yaliyobaki ni maneno, nayo nitayasema taratibu, maana jambo lenyewe ni kelele zetu ndizo zilizoliharibu.

Desemba iliyopita, wakati wa likizo, nilikuwa nimekaa ukumbini juu ya mkeka baada ya swala ya alasiri, nachambua mchele kwenye ungo. Mjukuu wangu wa kiume, mwenye miaka 14, akaja akakaa karibu yangu. Akaanza kuokota mawe na chuya pamoja nami. Mtoto yule tangu azaliwe hajapata kugusa ungo.

"Bibi," akasema.

"Sema, baba."

Kimya. Akaokota chuya nyingine.

"Bibi."

"Sema, baba."

Kimya tena. Mara ya tatu hakuniita. Machozi yalidondoka kwenye mchele.

Alikuwa amezoeana na msichana huko TikTok. Msichana alijieleza kwamba anasoma kidato cha pili Arusha. Wakahamia WhatsApp, wiki tatu za salamu, stika na maneno matamu. Kisha msichana akatuma picha, akaomba naye atumiwe yake. Mjukuu wangu akatuma picha ambayo hakuna mtu anayepaswa kumpiga mtoto. Haikupita robo saa, lugha ikabadilika. Tuma elfu hamsini, la sivyo picha hii inaingia kwenye grupu la darasa lenu. Na majina ya wenzake yakaandikwa pale, moja baada ya jingine, ili aamini.

Akaenda kwa wakala akatuma elfu ishirini, pesa ya viatu vya shule. Akaambiwa haitoshi. Akatuma elfu kumi na tano. Hizo elfu kumi na tano, wanangu, ndizo zilizopotea kwenye mkoba wangu wiki moja kabla yake, nami nilimshuku binti anayetusaidia kazi za ndani. Sikumwita mwizi kwa kinywa, lakini nilimtazama kwa jicho ambalo alilielewa. Mtu asiyemjua hata mmoja wetu alikuwa ameingia nyumbani, akamliza mtoto, akachukua pesa, akatia fitina baina yangu na binti wa watu, na mlango wetu ulikuwa umefungwa kwa komeo.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukumwambia mama yako?"

Akanijibu, "Mama alisema siku akikuta upuuzi kwenye simu, ataipasua simu na mimi mwenyewe."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mama yake ni mwanangu wa kumzaa. Maneno yale hakuyaokota barabarani, aliyapata kwangu. Ndivyo nilivyokuwa nikimtisha yeye alipokuwa msichana, kwa mambo ya zama zile. Nilidhani ninamlinda. Kumbe nilikuwa ninamfundisha kunificha, na fundisho hilo limeshuka hadi kwa mwanawe.

Wazazi wenzangu, nyumba ya Mswahili ina hodi. Mgeni hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa hurudi alikotoka. Akiitikiwa, hungoja barazani kwanza mpaka ajulikane ni mtoto wa nani, katokea wapi na anataka nini. Chumbani haingii. Sisi tuliolelewa hivyo tulizoea kuamini kwamba mtoto akiwa ndani, na jua limezama, na mlango umefungwa, basi yuko salama. Simu haina baraza. Mgeni wa simu hafikii ukumbini, hafahamiani na wazee, hatoi salamu kwa mtu. Anafikia moja kwa moja kwenye chandarua cha mtoto saa 6 usiku, na anakaa huko hadi alfajiri, nasi tumelala chumba cha pili.

Wengine mtasema: basi tusiwape simu. Nimelisikia neno hilo sana, na silidharau. Shule zetu nyingi haziruhusu simu, na ni vyema. Lakini shule zikifungwa, mtoto aliyenyimwa simu miezi yote anaipata siku moja na bando la wiki nzima, hana mazoea nayo wala hakuna aliyemfunza. Ni sawa na kumzuia mtoto asifike pwani mpaka afikishe miaka 15, kisha umtumbukize majini. Sisi watu wa pwani hatufanyi hivyo. Tunaanza naye maji ya magotini, tumemshika mkono.

Na kuna namba moja inayowadanganya wengi wenu, nayo ni 13. TikTok, Instagram, Facebook, Snapchat na WhatsApp zote zimeandika kwamba mtumiaji awe ametimiza miaka 13. Nimewasikia wazazi wakisema, "Kashafika kumi na tatu, sasa anaruhusiwa," kana kwamba wataalamu wa watoto walikaa wakapima akili ya mtoto wakakuta hapo ndipo inapokomaa. Sivyo. Chimbuko lake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998, iliyozikataza kampuni kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13 bila ridhaa ya mzazi. Ilitungwa miaka sita kabla Facebook haijazaliwa. Ilihusu taarifa na biashara. Haikuzungumzia kabisa kama moyo wa mtoto unaweza kubeba yaliyomo humo. Australia wameona namba hiyo haitoshi, wakapitisha sheria Novemba 2024 kwamba aliye chini ya miaka 16 asiwe na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii, na ikaanza kufanya kazi tarehe 10 Desemba 2025. Sisi Tanzania Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Basi kijana wa miaka 14, hata awe amekuzidi urefu na sauti imekuwa nzito, bado ni mtoto, na bado yuko mikononi mwako.

Sasa niwaonyeshe ufa ambao nauona kila nyumba ninayoingia. Kampuni hizi, kwa kusukumwa na malalamiko ya wazazi wa dunia nzima, zimeweka kinga fulani kwa watoto. Akaunti ya TikTok ya aliye chini ya miaka 16 huanza ikiwa ya faragha, na mtu hawezi kumwandikia ujumbe wa siri. Instagram nao mwaka 2024 walianzisha akaunti za vijana zenye vizuizi. Hayo yote ni mazuri. Lakini watoto wetu wengi hawamo katika akaunti hizo. Wamo katika akaunti ya mama.

Mama anapika, mtoto analia, mama anampa simu. Mtoto wa miaka sita anakula uji kwa mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili kinasukuma video juu, juu, juu. Yule anayehesabu upande wa pili, yaani mashine ya mtandao inayochagua video za kuonyesha, hamwoni mtoto. Anamwona mwanamke wa miaka 35, naye anamletea ya wanawake wa miaka 35: kamari, ugomvi wa mapenzi, ngoma za uchi, maiti za ajali. Kinga za watoto haziwezi kumlinda mtoto ambaye kwa hesabu zao hayupo.

Na wale waliofunguliwa akaunti zao wenyewe, wengi wamefunguliwa kwa uongo. Mtoto wa miaka 10 anaandika kwamba ana 18 ili akubaliwe, na mara nyingine ni kaka au shangazi anayemwandikia. Miaka minne baadaye mtoto ana 14, lakini kwa kampuni ni mtu mzima wa miaka 22, na anatendewa kama mtu mzima wa miaka 22. Wahenga walisema mtu hula chuya kwa uvivu wa kuchagua. Uvivu ni wetu, ila chuya wanakula watoto.

Kwa hiyo, wanangu, fanyeni haya machache, hayahitaji elimu kubwa. Mtoto akiwa na akaunti, iwe na mwaka wake wa kweli wa kuzaliwa, na iwe ya faragha. TikTok ina njia ya kuunganisha akaunti ya mzazi na akaunti ya mtoto, itumieni. Kwenye WhatsApp ingieni sehemu ya faragha, chagueni kwamba wanaoweza kumwingiza mtoto kwenye makundi ni wale tu ambao namba zao amezihifadhi. Kama mtoto anatumia simu yako, akae nawe ukumbini, sauti ikisikika. Na usiku simu zilale. Hapa kwetu sasa, ikifika saa 3 usiku, simu zote zinawekwa juu ya kabati la vyombo na kuchajiwa hapohapo, ya mama yao na yangu zikiwa mbele. Wiki ya kwanza walinuna. Wiki ya tatu mjukuu mdogo ndiye aliyekuwa akitukumbusha sisi watu wazima.

Muulizeni pia mtoto bando lake kanunua nani. Swali hili ni dogo lakini lina uzito. Zamani mtoto akija na peremende ambayo hukumnunulia, ulimuuliza aliyempa. Siku hizi peremende ni bando. Msichana wa miaka 13 asiye na shilingi anakaa mtandaoni usiku kucha, na mama hajiulizi. Machi 2025 BBC walitangaza uchunguzi kutoka Kenya kuhusu wasichana, wengine wakiwa bado watoto, waliokuwa wakirubuniwa kwa zawadi za pesa katika matangazo ya laivu ya TikTok. Mlango waliopitia ulikuwa njaa na tamaa ya vitu vidogo. Mtoto anayejua kwamba anaweza kukuomba wewe, hata ukamjibu huna, ni vigumu zaidi kununuliwa na mgeni.

Nisiwadanganye lakini kwamba adui ni mgeni peke yake. Mwaka 2022 UNICEF, ECPAT na INTERPOL walitoa utafiti kuhusu unyanyasaji wa watoto mtandaoni hapa Tanzania, nao ulithibitisha jambo ambalo wazee tunalijua na hatupendi kulitamka: mara nyingi anayemdhuru mtoto ni mtu anayemfahamu. Ni jirani, ni jamaa, ni rafiki wa familia, ni kijana anayemsaidia masomo. Na ulionyesha kwamba watoto wanaokwenda polisi au kupiga simu ya msaada ni wachache mno. Wengi hunyamaza, au humwambia rafiki wa umri wao ambaye naye ni mtoto. Tafakarini hilo. Mtoto ana mama, ana baba, ana shangazi, ana mwalimu, ana bibi, na anabeba mzigo wake mpaka kwa mtoto mwenzake.

Kwa nini? Kwa sababu tumelipa neno stara maana isiyo yake. Tumelelewa tusitiri ya nyumbani, na stara ni jambo jema, dini imeihimiza. Lakini tumeigeuza kuwa shuka la kumfunika mkosaji. Mtoto akisema fulani amemwandikia maneno machafu, tunamwambia, "Nyamaza, yule ni mjomba wako, utavunja ukoo." Stara ni ya mtoto. Jina lake lisitajwe, picha yake isionwe, habari zake zisizungumzwe kwenye vikao vya harusi. Aliyemdhuru hana stara ya kudai kwetu.

Na hapa nina lawama kwenu ninyi watu wazima, nami najitia humo. Ikitokea video ya mtoto kadhalilishwa, inafika kwenye makundi yetu ya WhatsApp asubuhi, na mpaka adhuhuri imezunguka mji mzima. Makundi ya ukoo, ya vikoba, ya msikitini, ya kwaya. Kila mmoja anaandika juu yake, "Jamani tuwe makini na watoto wetu," kisha anaisukuma mbele. Mtoto yule ametendewa unyama mara moja na mtu mmoja, sisi tunamtendea tena mara elfu kwa jina la kuonya. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kusambaza picha za ngono za mtoto kuwa kosa, na haijali kama uliandika maneno ya huruma juu yake. Ikikufikia, usiipeleke mbele. Mwambie aliyekuletea kwamba amekosea. Toa taarifa polisi.

Vivyo hivyo na picha mnazopachika wenyewe kwa furaha. Mtoto siku ya kwanza ya shule, sare mpya, nembo ya shule kifuani, jina kamili chini ya picha, na jina la mtaa. Mmemwambia kila apitaye mtoto huyu anaitwa nani, anasoma wapi na anakaa mtaa gani. Mtu akimfuata getini akamwita kwa jina, mtoto atajuaje kwamba si rafiki wa baba? Picha ya furaha ipelekeni kwa wale ambao mngewakaribisha chakula.

Narudi kwenye mkeka wangu na ungo wangu. Mjukuu wangu aliponieleza, ulimi wangu wa miaka 34 ya chaki ulikuwa tayari. Nilitaka kusema, "Nani alikutuma? Huna haya?" Mwenyezi Mungu alinizuia. Nilisukuma ungo pembeni, nikamshika mkono, nikasema, "Umefanya vizuri kuniambia. Hupigwi. Tutalimaliza pamoja." Alilia kilio ambacho sijakisikia tangu alipokuwa mchanga. Alikuwa amekibeba siku 11.

Tulifanya hivi, na ninawaeleza ili likiwafika mjue. Hatukutuma tena hata senti, kwa sababu anayelipwa hurudi. Hatukufuta ujumbe hata mmoja. Tulipiga skrinshoti za maneno yote, namba ya simu, jina la akaunti na risiti za pesa, kwa kuwa huo ndio ushahidi. Kisha tukazuia ile namba, tukairipoti ile akaunti kwa mtandao wenyewe. Niliketi na mama yake peke yake kwanza, nikamtaka amwage hasira yake yote kwangu kabla hajakutana na mwanawe. Aliilia usiku ule, na asubuhi alikwenda kumkumbatia. Tukaenda pamoja kituo cha polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Picha haikusambazwa, alhamdulillahi. Aliyefanya vile hatujauona uso wake mpaka leo.

Mjue pia kwamba ipo Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116. Kupiga ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga bila kupitia kwa mtu mzima. Majirani zetu wa Kenya na Uganda nao wanatumia namba hiyohiyo. Iandikeni ukutani, karibu na swichi ya taa. Na kwa picha iliyokwisha kutoka mikononi, tangu mwaka 2023 kuna huduma ya bure ya Marekani iitwayo Take It Down, kwa ajili ya picha za uchi za waliokuwa chini ya miaka 18 zilipopigwa. Picha yenyewe haitumwi kokote. Simu huigeuza kuwa mfululizo wa herufi na tarakimu, mfano wa alama ya kidole, na alama hiyo ndiyo hupelekwa kwa mitandao iliyojiunga, kama Facebook, Instagram na TikTok, ili picha ikitokea itambuliwe na kuondolewa. Haizuii kila njia, lakini mtoto hayuko mikono mitupu kama wanavyomwaminisha wale wanaomtisha.

Silaha ya watu hawa ni aibu ya mtoto, na aibu hiyo tunainoa sisi kwa vitisho vyetu vya kila siku. Mtoto akijua kwamba kusema ni kupigwa, na kusema ni kunyang'anywa simu, na kusema ni kutangazwa kwa shangazi zake wote, atalipa mpaka senti ya mwisho, na pesa zikiisha atafikiria jambo baya zaidi. Katika nchi za wenzetu wapo vijana waliojitoa uhai kwa vitisho vya namna hii, ndani ya saa chache, wazazi wao wakiwa chini ya paa moja nao. Sitaki nyumba yoyote ya Kiswahili ifikwe na asubuhi ya namna hiyo.

Simaanishi mwache kuwakanya watoto. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi bado nakanya. Mjukuu wangu alipewa adhabu yake kwa zile elfu kumi na tano, amezilipa kwa kuteka maji na kufagia uwanja mwezi mzima. Lakini aliadhibiwa kwa kuiba. Hakuadhibiwa kwa kusema. Hayo mawili yatenganisheni kama mnavyotenganisha mchele na mawe. Na mimi nilimwita yule binti wa kazi mbele ya watu wote wa nyumba, nikamwomba radhi, kwa sababu watoto walikuwa wanatazama mtu mzima anafanya nini akikosea.

Nimechoka, wanangu, sitakuwa nanyi siku zote. Nawaomba jambo moja tu. Usiku wa leo, kabla mtoto hajalala, mketi wawili. Mwambie: "Likikufika jambo kwenye simu, hata kama wewe ndiye uliyekosa, njoo kwangu kwanza. Kwa kuniambia ukweli sitakupiga wala sitakunyang'anya simu." Mwambie na kesho kutwa, mwambie na mwezi ujao, mpaka achoke kulisikia. Na siku atakapokuja, na atakuja wakati una kazi, una njaa na una hasira, weka chini ulichoshika, umsikilize mpaka mwisho. Timiza ahadi yako.